Diski ya Pili Dukani kwa Mathenge

...na wiki moja ndiyo anaiita dhamana, huyu Mathenge, anaitamka kwa fahari kabisa, dhamana ya wiki moja, wakati hata ndara za soko la Kitale hukaa zaidi ya hapo kabla hazijakatika mkanda, na tazama anavyoishika hiyo diski, kwa vidole viwili, kile kidogo kimenyooka kando, kama bibi harusi anayekata keki, na Edah amewapiga video mabibi harusi wa kutosha, miaka tisa sasa, kuwajua wanaoshika kisu kwa ajili ya keki na wanaokishika kwa ajili ya kamera, na huyu ni wa kamera. "Hii ni gigabaiti arobaini, madam. Imetoka Uingereza, imetumika kidogo tu." Imetumika kidogo na nani, kwani yeye alikuwako akihesabu... kila kitu kinachoshushwa hapa kutoka Uingereza kimetumika kidogo, makoti, sidiria, friji, magari yenye kutu mpaka kwenye usukani, hakuna Mwingereza hata mmoja aliyewahi kutumia kitu akakimaliza. "Na hii ingine ni themanini, mpya, bado iko kwa karatasi yake." Karatasi ya rangi ya fedha, sawa, imebandikwa gundi upya pembeni, anafikiri macho ya Edah ni ya mapambo. Na ile ya tatu, mia moja na sitini, ambayo yeye mwenyewe ameshasema mdomo wake wa waya hauingiani na mashine ya Edah, bado ameiacha pale juu ya kioo pamoja na zile mbili, kwa nini, ili kioo kijae, ili mteja ajione amechagua. Haya, achague basi. Amesimama hapa tangu saa nne na nusu akichagua, jua limehama kutoka pembe ya kaunta mpaka katikati, na kutoka duka la pembejeo la jirani inapenya ile harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, kali, mpaka mtu anaona akinunua kompyuta hapa itabidi kwanza aitoe kupe.

Diski ya pili, hiyo tu, ya kukaa ndani ya mashine kando ya ile ya kwanza, ya kuwekea nakala, si jambo la kumtoa mtu mzima jasho. Mashine iko studio, Kibomet, chumba kimoja wanachogawana na Chepchumba fundi wa nguo, cherehani upande wa dirisha, kompyuta upande wa ukuta, pazia katikati, na diski iliyomo imeanza kugonga tangu Jumatatu, ka, ka, ka, halafu kimya, halafu ka. Mathenge alikuja Jumatatu hiyo hiyo kuisikiliza, akainamisha kichwa, akafumba macho, daktari mzima, akasema inakufa hii, akasema, "Izime, madam, usiiwashe tena mpaka upate ingine tuhamishe vitu, kila ukiiwasha unaimaliza," na Edah akamwambia wala yeye hana wasiwasi, vitu vyake vyote vina nakala kwa D, ile diski ya akiba. Akacheka. Alicheka, huyu, kwa hilo pengo lake la mbele. "Lakini madam, D si diski ingine. C na D ni chuma kimoja, nilikugawia tu." Nilikugawia tu! Mtu yule yule ambaye mwaka juzi, mashine ikiwa mpya, alimkalisha chini akamwambia weka kila kitu mara mbili, C ikikuangusha unakimbilia D, na Edah akaweka, kila harusi mara mbili, kila mazishi mara mbili, anakaa pale akiungoja ule mstari wa buluu ujae, akijiona mwanamke mwenye akili kuliko wapiga video wote wa Trans-Nzoia, kumbe alikuwa anahamisha mahindi kutoka upande mmoja wa gunia kwenda upande mwingine wa gunia lile lile. Miaka miwili. Na hakuomba msamaha, hapana, alikunywa chai akaomba kuongezewa sukari. Na leo amemrudia yeye yule yule, kwa sababu Kitale nzima ni nani mwingine, yule wa karibu na posta anayeuza diski, soksi na mitego ya panya kwenye kabati moja?

"Lakini kama ni nakala tu, si unaweza kuchoma kwa CD?" Mathenge anasema sasa, anaegemea kaunta. Kuchoma kwa CD. Edah anazo CD za kuchoma, anazo sanduku zima, ile ngozi ya juu inabanduka yenyewe kama kidonda kinachopona, za mwaka jana tu hizo, na vumbi la Kibomet nalo halijui kufungiwa nje. "CD moja haimezi hata dakika kumi za kamera yangu," anamjibu, na Mathenge anatikisa kichwa kwa heshima, heshima ya muuzaji, anaitoa na kuirudisha kama kitambaa cha kufutia kaunta. "Basi chukua themanini." Basi chukua themanini! Kwa nini asichukue arobaini? "Ama arobaini, pia ni sawa." Mtu hana msimamo hata juu ya bidhaa yake. Hivi ndivyo walivyo wote, ukimsukuma mtu kidogo tu anahama, umeona, na wale wa ukoo wake kule Kanduyi ni hivyo hivyo, watu mia mbili waliketi pale nyumbani kwa Wanjala wakasikia kwa masikio yao, wakala ng'ombe mzima, wakafuta midomo kwa majani ya migomba, na leo hakuna anayekumbuka, ati kulikuwa na upepo, ati walikuwa wamekaa nyuma.

Kamera haikukaa nyuma. Kamera ilikuwa mbele kabisa, kwa sababu Edah ndiye mtoto wa nyumba mwenye kamera, na Wanjala alikuwa ndugu ya marehemu baba yake, hakuna aliyemuuliza kama anataka kulia au kufanya kazi, alilia kwa jicho moja lile ambalo halikuwa kwenye kamera. Oktoba. Siku ya tatu baada ya kuzika, siku ya kunyolewa nywele, ndiyo siku yenyewe, kwa sababu siku ya mazishi watu husema uongo kumsifu marehemu lakini siku ya kunyolewa ndipo ukoo huketi, mwenye dai analitoa, na mkubwa anasimama kusema marehemu ameacha nini na nani achukue nini, na likishasemwa pale limesemwa. Na aliyesimama ni Mukhisa, kitinda mimba wao, ndugu pekee aliyebaki, ndani ya koti la kuazima lenye mikono inayofika kwenye vidole, na akasema, wazi kabisa, shamba la Kamukuywa, kutoka kwenye mkonge mpaka mtoni, ni la Nekoye mjane wa ndugu yangu, Wanjala aliniambia kwa mdomo wake, asisumbuliwe na mtu. Dakika arobaini alizungumza. Mwanamume huyu anapenda kamera kuliko anavyopenda nyama, kila mara aligeuka kuitazama, na katikati ya hotuba, machozi yakimtoka, alimuuliza Edah, "Unanishika vizuri, mwanangu?" Na yuko pale ndani ya D akiuliza hivyo. Januari akaingia na plau Kamukuywa, akalima kutoka kwenye mkonge mpaka mtoni, akang'oa na ndizi za mama wa watu, anasema yeye hakusema, nani alisema, ni maneno ya wanawake. Kaseti yenyewe? Kaseti za kamera ni tano, zinazungushwa, ikishaingizwa kwa mashine inarudi kazini, ile ya Oktoba sasa ina harusi, bwana harusi mnene anacheza juu ya maneno ya Mukhisa, anacheza vibaya pia. Kwa hivyo ni D. Kila kitu ni D.

Na Nekoye anapiga simu. Kila alasiri, kutoka kwenye simu ya jamii pale Kamukuywa, anasikika akimwomba mwenye simu amsaidie kubonyeza, halafu ile sauti yake ya chini, "Mwanangu, hiyo kitu bado iko?" Iko, mama. "Asante, mwanangu, Mungu akubariki." Asante ya nini? Mwanamke anang'olewa ndizi na anasema asante kwa kila mtu, alimwambia hata yule dereva wa trekta asante kwa kuacha mti mmoja, Edah hana subira na watu kama hao, wanyonge wanaokutazama tu mpaka unajikuta umebeba mzigo wao kichwani na hata hukumbuki kuinama. Jumanne ijayo wazee wanaketi kwa chifu. Chifu amekubali televisheni iletwe, iwashwe, watu waone, na Nekoye amesema yeye hatasema neno lolote, atangoja tu hiyo televisheni. Atangoja tu! Ameweka shamba lake lote, na uzee wake wote, ndani ya chuma kinachogonga, na bado anaomba Mungu ambariki mtu mwingine.

"Hii plastiki kidogo hapa nyuma," Mathenge anasema, ameigeuza ile ya arobaini kichwa chini, "unaihamisha hivi, mashine inajua hii ni ya pili, ile ya zamani ni ya kwanza." Anaonyesha. Kucha zake ni safi, hilo analo. Edah anainama kama vile anatazama. Mukhisa pia ana kucha safi siku hizi, tangu apate trekta ya kukodi halimi kwa mkono. Alikuja jana. Alitoka Bungoma asubuhi akafika Kibomet saa sita, akakalia kiti cha wateja, kofia juu ya goti, akaitazama mashine kwanza kabla hajamtazama Edah. Hakukasirika. Heri angekasirika. Aliuliza habari ya biashara, akasema Agosti hii mwaka wa tohara, nyumba zote za Kanduyi zitataka video, yeye atawaambia wote ni Edah, hakuna mwingine. Edah akasema asante, baba. Umesikia, na yeye alisema asante. Upande wa pili wa pazia cherehani ya Chepchumba ikaacha kulia. "Hizi mashine huharibika," Mukhisa akasema. "Mashine ikiharibika, hakuna mtu analaumu mtu." Na yule mzee akanywa soda yake yote, akaiweka chupa chini polepole, akasema kwa upole, kama mtu anayekumbusha jambo dogo, "Wewe ulimwacha bwana, mwanangu, ukarudi kwetu, na sisi tulinyamaza. Siku yako ikifika, ni mimi nitaonyesha vijana mahali pa kuchimba." Kisha akacheua, akavaa kofia, akaenda zake.

Upuuzi mtupu. Maiti haina macho, itajua imelazwa wapi? Edah alicheka baada ya kuondoka, kweli alicheka, mzee mzima anamtisha mtu kwa shimo, amekosa hata kitu cha maana cha kumtishia... ila anajua ni wapi. Hapo ndipo penye uchungu, anajua, amepiga video pale kote. Shangazi Nabwile naye alikuwa amerudi nyumbani, miaka ishirini na mbili alikaa kwao akawalelea watoto wao, na alipokufa wakamchimbia kule nyuma, kando ya ua, ng'ambo ya choo, saa tatu asubuhi kabla watu hawajafika, hakuna aliyezungumza, hakuna aliyetaja hata mwaka aliozaliwa, na Edah akiwa ameinua kamera Mukhisa akamwekea mkono kwenye lenzi, "Hiyo usipige." Na hakupiga. Aliifunga kamera akaenda kuwapigia wageni picha za chakula. Mwanamke mwenye ulimi kama wake, anayejua kumwambia mchungaji mahali pa kusimama na bwana harusi mahali pa kuweka tumbo, aliambiwa usipige akasema sawa, baba. Basi na yeye atawekwa pale kando ya Nabwile, watakuwa wawili, watasikilizana na choo.

Sasa gigabaiti tisa. Dakika arobaini za Mukhisa ni gigabaiti tisa, alipiga hesabu hiyo Jumatatu kabla Mathenge hajamaliza chai. Tisa inaingia kwa arobaini mara nne na nafasi inabaki. Hakuna cha kuchagua hapa. Hapakuwa na cha kuchagua Jumatatu, wala Jumanne, wala jana, na leo ni Alhamisi na ameuliza kiwanda, ameuliza nchi, ameuliza kama vumbi linaingia, ameuliza kwa nini ile ya mia moja na sitini ni nyembamba wakati wala haiingiani, na sasa anajisikia akiuliza tena, kwa ile sauti ya mteja mgumu anayoipenda, "Na hii mpya inazunguka mara ngapi?" "Elfu saba na mia mbili kwa dakika, madam," Mathenge anafurahi, hatimaye swali alilokariri. "Ile yako ya zamani ni elfu tano na mia nne. Na ile ukiiwasha inazunguka tu, hata kama hufanyi kitu, mpaka uizime."

Mpaka uizime. Aliiwasha asubuhi. Ndiyo, aliiwasha, alitaka kuona aina, ni waya mpana au mwembamba, asije akanunua isiyoingiana, mtu mwangalifu huangalia... lakini Mathenge alishaifungua Jumatatu akaona, waya mpana, alisema mara mbili. Aliiwasha, ikagonga, ka, ka, akaandika kwenye kikaratasi, akakitia kikaratasi kwa mkoba, na hapo hajakitoa hata mara moja tangu aingie humu. Halafu? Akachukua funguo. Akamwambia Chepchumba anaenda mjini. Mkono wake, autazame huo mkono, ulienda wapi, ulienda kwenye funguo, ulienda kwenye mkoba, ulienda kwenye pazia... Haukwenda. Inazunguka. Inazunguka hivi sasa, tangu saa mbili na nusu, tupu, bila kazi, inagonga. Amesahau, basi, watu husahau, ana mambo mengi... na kwa nini alikataa baisikeli, mwenye boda boda alimpigia kengele mara tatu akasema anataka kunyoosha miguu, miguu gani, yeye anayemdharau kila anayetembea kwa hiari. Na akaingia kwenye kibanda cha chai. Akaagiza na mandazi. Akangoja yapoe. Akasimama na yule mwalimu asiyempenda akamuuliza habari ya nyumbani, na ya mahindi, na ya mguu wa mkewe, mpaka mwalimu mwenyewe akashangaa. Kisha hapa, saa nzima juu ya kioo hiki, akimfanya Mathenge aonekane mjinga kwa sababu mjinga ni mzuri kumtazama ukiwa hutaki kutazama kwingine. Ikifa saa hii imekufa yenyewe. Hakuna mtu analaumu mtu. Atarudi na diski mpya mkononi, ndani ya karatasi yake, atasema ole wangu nimechelewa, Nekoye atasema pole, mwanangu, Mungu akubariki, na lile shimo litachimbwa mahali pazuri, chini ya mwembe wa baba yake... Mukhisa angalau alipanda gari akaja kusema anachotaka, kwa mdomo wake, kofia gotini. Yeye hata nafsi yake hakuiambia. Alimfanyia Mukhisa kazi yake na hakuomba hata soda.

"Madam, uko sawa?" Nipe dakika moja, anasema, na tayari ameshatoa simu, kredi iliyobaki inatosha maneno machache, inalia, inalia, Chepchumba huivaa simu shingoni kwa kamba ya kiatu na bado huitafuta, mwanamke mzito wa kila kitu, mwaka wa tano anasaga cherehani moja na hajawahi kuuliza ni nini kinachofanyika upande wa pili wa pazia, unaweza kuzungumza siri ya serikali mbele yake, ni kama kuzungumza mbele ya kabati... "Haro?" "Chepchumba, mashine yangu. Angalia kama..." "Nilizima," Chepchumba anasema. "Ile ya ukutani kabisa, nikatoa na waya." Lini? "Zamani. Nilikuwa nangoja tu utoke." Hata halaumu, hata haulizi, anapumua tu kwenye simu kama anayengoja kuona kama kuna kazi nyingine, na Edah anasikia kitambaa kikivutwa, na cherehani inaanza tena, na simu inakatika.

Alikuwa anangoja atoke. Alikaa pale nyuma ya pazia na sindano mdomoni, akisikia ikiwashwa, akisikia ikigonga, akisikia funguo, na hakusema Edah umesahau, kwa sababu alijua hakusahau, alimpa nafasi ya kuizima mwenyewe mpaka mlangoni, na alipoona haitumii akangoja afike barabarani ndipo akainuka, asimwaibishe. Edah anatafuta neno la kumwambia huyu mwanamke, anazo dharau za kila aina, za wachungaji, za mabwana harusi, za wauza diski, anazipekua zote na hakuna hata moja inayomtosha. Na atanunua. Sasa atanunua, na Jumanne televisheni itawashwa kwa chifu, na Nekoye atasema asante, na si kwa ajili ya Nekoye, wala si kwa ajili ya haki, ni kwa sababu kuna mtu Kibomet anayejua, na Edah hawezi kukaa na mtu huyo chumba kimoja miaka mingine mitano akimwazima mkasi. Hiyo ndiyo sababu yake. Ni sababu ndogo kiasi hicho. Simu imekatika kitambo lakini bado ameishika sikioni, jua limefika kwenye diski ya tatu, ile isiyoingiana, na Mathenge ameziweka zote tatu sawasawa tena juu ya kioo, anapangusa vidole, anauliza kwa heshima ile ile, "Sasa, madam, ni arobaini ama themanini?"